Mimba ya ukubwani: kipimo gani, wiki gani, wapi, kwa mama wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa mama aliyebeba mimba akiwa na miaka 35, 40, hata 45, anaishi huku kwetu kusini, na ameshaanza kusikia maneno ya aina mbili. Kliniki wanamwambia "mama, umri wako una hatari". Barazani wanamwambia atazaa mtoto mwenye kasoro. Mimi wa mwisho nilimzaa nina miaka 41, hapa hapa Mtwara, na tangu hapo nimekuwa yule shangazi anayepigiwa simu kila ikitokea mimba ya namna hii kwenye ukoo. Sio daktari. Ninachokupa ni utaratibu: kipi kianze, kipi kifuate, na pesa kidogo uliyonayo uiweke wapi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Watu wakisikia mimba ya ukubwani wanawaza sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili na ukuaji wa mtoto), na wengine wako tayari kuuza gunia za korosho ili wapime hiyo tu. Lakini mambo mawili yanayomwondoa mama mkubwa duniani ni presha na damu: kifafa cha mimba, na kutokwa damu nyingi akishajifungua. Vya kuyakamata hayo mawili vipo karibu na nyumbani kwako na gharama yake ni ndogo. Ndiyo maana vipimo vya vinasaba nimeviweka mbele huko, sio mwanzoni.

1. Hakikisha ni mimba, halafu itafutie tarehe

Mama wa miaka 43 akikosa hedhi miezi miwili, mawazo yake hayaendi kwenye mtoto. Anajua hedhi inakata, na shoga zake wanamwambia ndio utu uzima huo, karibu. Anakuja kushtuka tumbo linacheza. Hapo wiki ya 20 inapita au imeshapita, na baadhi ya vipimo havina maana tena. Ukikosa hedhi, hata kama una sindano ya uzazi wa mpango, hata kama umri umekwenda, nunua kile kipimo cha mkojo duka la dawa, pima na mkojo wa kwanza wa asubuhi. Hakuna anayehitaji kujua.

Kikionyesha mistari miwili, andika siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Siku ilipoanza, sio ilipoisha. Hesabu ya wakunga ni hii: ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Hedhi ikianza tarehe 10 Machi, unatarajia tarehe 17 Desemba. Usipokumbuka tarehe, jikumbushe kwa matukio: ilikuwa kabla au baada ya mnada wa kwanza wa korosho? Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeingia? Wali wa unyago walikuwa bado ndani au wameshatolewa? Nesi akipata tukio, tarehe ataipata.

Kama bado huna uhakika, hapo ultrasaundi ya mapema ni ya lazima, maana ndani ya miezi mitatu ya kwanza umri wa mimba unapimwa kwa urefu wa mtoto na kosa lake ni la siku chache tu. Ukiingoja mpaka miezi saba, kosa linaweza kufika wiki mbili au tatu. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate walau ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kwa mwenye miaka 35 na zaidi mimi ningesema usivuke wiki ya 13, na sababu utaiona huko chini.

2. Fika kliniki kabla ya wiki ya 12, hata kama unaona haya

Haya ndiyo inayotuchelewesha kuliko umbali. Kwetu mama akishamcheza binti yake unyago, jamii inamhesabu kwamba zamu yake imepita, sasa ni ya mwanawe. Ikitokea binti ana mimba na mama naye ana mimba, mtaa mzima unapata la kucheka: "Mnashindana?" Nimewaona wanawake wanafunga khanga mbili na kuvaa dera la kupwaya mpaka mwezi wa saba. Mwingine anakwenda kliniki ya kata ya mbali ili asikutane na wakwe wa binti yake.

Na wahudumu nao wakati mwingine hawasaidii. Siku yangu ya kwanza nilikaa kwenye benchi na wasichana wa miaka 20, nesi akapita anakusanya kadi, akaniambia, "Bibi, wewe kaa pembeni, tunaanza na wagonjwa wenyewe, mjukuu wako ataitwa." Benchi zima likaangua kicheko. Nikamjibu, "Mgonjwa ni mimi, sista," nikampa kadi. Akanyamaza, akaandika. Ukikutana na la namna hiyo, jibu kwa upole ubaki kwenye foleni. Kurudi nyumbani kwa hasira kunakukosesha hudhurio, na yeye hapungukiwi kitu.

Mpango wa Shirika la Afya Duniani tangu 2016 ni mahudhurio 8, la kwanza kabla ya wiki ya 12 kwisha. Mshirikishe mtu mmoja wa kukusindikiza, akiwa mume vizuri zaidi maana kuna vipimo vyenu wote wawili. Na kama ni watu wa upande wetu, Wamakonde, Wamwera, Wayao, mjomba mwambieni mapema. Siku ikifika ya rufaa au upasuaji, wako wanaume watakaosema "tumngoje mjomba aje". Bora awe ameshakuja.

3. Hudhurio la kwanza: usitoke bila haya

Presha. Mkojo, kuangalia protini na sukari. Wingi wa damu. Kundi la damu. Kaswende, VVU, malaria. Uzito. Hivi ni vya kawaida kwa kila mjamzito, lakini wewe ukabidhiwe kadi vikiwa vimeandikwa. Sehemu iliyoachwa wazi, uliza: "Sista, hiki bado?" Kama kitendanishi kimeisha, akuambie wapi kinapatikana wiki hiyo hiyo.

Sema yote ya nyuma bila kuficha: kama ulipasuliwa, kama mtoto alifia tumboni, kama ulitoka damu sana au kondo lilikwama, kama ukoo wenu una kisukari, presha au mapacha, kama unajua una uvimbe kwenye kizazi. Mimba ya tano na kuendelea nayo ni hoja yake, maana kizazi kilichochoka hakikazi vizuri mtoto akishatoka, na damu hapo haichelewi. Na kama umekaa miaka zaidi ya kumi tangu uzazi wa mwisho, sema pia; mwili unaanza karibu upya.

Kwenye presha nitakaa kidogo, maana hapa ndipo ninapoona wanawake wengi wanapimwa ovyo. Mama ameshuka kivuko cha Msanga Mkuu, amepanda bodaboda, jua la saa nne, anafika anafungwa kile kitambaa cha mashine mkononi papo hapo huku anasimulia habari za msiba. Inasoma 148 kwa 92, anaandikiwa dawa au anatishwa. Au kinyume chake: mashine ina betri iliyochoka inasoma kidogo, anaambiwa yuko sawa. Wewe omba kukaa dakika tano kwanza. Uegemee kiti, miguu ikanyage chini isipishane, mkono ulale mezani usawa wa moyo, kitambaa kifungwe juu ya ngozi na sio juu ya gauni, usizungumze. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, irudiwe baada ya muda. Ikirudi vile vile hiyo ni presha, na mkojo uangaliwe protini siku hiyo hiyo.

Muulize daktari, kwa jina, kuhusu aspirini ya dozi ndogo. Kwa mwenye hatari ya kifafa cha mimba, aspirini ya miligramu 75 mpaka 150 kila siku kuanzia karibu wiki ya 12 inapunguza hatari hiyo, na umri mkubwa ni moja ya vinavyohesabiwa, hasa ukiungana na mimba ya kwanza, unene, au presha ya mimba iliyopita. Ikianza mwezi wa saba haisaidii. Lakini usijinunulie, wapo wasiotakiwa kuinywa, kama mwenye vidonda vya tumbo. Uliza pia kuhusu kalsiamu, maana maziwa kwetu huku hayaliwi kwa wingi.

Wingi wa damu chini ya 11 ni upungufu. Vidonge vya kuongeza damu umeze na chungwa, embe au maji ya ndimu, sio na chai. Udongo acha, najua utamu wake, lakini unazuia madini ya chuma kufyonzwa. Mtwara na Lindi ni mikoa yenye malaria nyingi, kwa hiyo chandarua utakachopewa kilaliwe wewe, kisiende kufunika mbegu. Na vidonge vya SP, vya kukinga malaria, umeze pale pale kliniki kila mwezi baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Anayetumia Septrin kwa ajili ya VVU hapewi SP. Na ukiwa unatumia foliki asidi ya miligramu 5, mwambie nesi, maana dozi kubwa hiyo inaharibu kazi ya SP. Ile ndogo ya miligramu 0.4 haina shida.

4. Uijue hatari kwa namba, sio kwa maneno ya barazani

Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote. Ukiwa na miaka 40, yai linalopevuka mwezi huo lina miaka 40 pia. Yai la umri huo linapogawanyika hukosea mara nyingi zaidi, na mtoto akabaki na kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) moja ya ziada. Ikiwa ya ziada ni ya namba 21, hiyo ndiyo sindromu ya Down. Daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake ndio walioitangaza sababu hiyo mwaka 1959. Hakuna mkono wa mtu hapo, wala mama hakukanyaga dawa.

Sasa namba. Kwa mama wa miaka 20, mtoto 1 kati ya takriban 1,500 huzaliwa na hali hiyo. Miaka 30, 1 kati ya kama 900. Miaka 35, 1 kati ya 350. Miaka 40, 1 kati ya 100. Miaka 45, 1 kati ya 30. Usomapo hizi, soma na upande wa pili: kwenye miaka 40, 99 kati ya 100 hawana. Tena kwa kuwa wanaozaa zaidi ni vijana, wapo watoto wengi wenye sindromu ya Down ambao mama zao ni vijana.

Mimba kutoka ndiyo jambo ambalo hatuambiwi vya kutosha. Kwenye miaka ya ishirini, mimba kama 1 kati ya 10 hutoka yenyewe. Ukivuka 45 ni nusu au zaidi, na kwa sehemu kubwa ni makosa hayo hayo ya kromosomu. Iliyokutoka ukiwa na miaka 42 hukuiangusha kwa kubeba ndoo.

5. Vipimo vya mtoto mwenyewe

Kuna vipimo vya kuchuja na vya kuthibitisha, na maumivu mengi hutokana na kuchanganya hivyo viwili. Cha kuchuja kinakwambia uwezekano umepanda au umeshuka. Cha kuthibitisha ndicho kinachosema ndiyo au hapana.

Cha kwanza cha kuchuja ni ultrasaundi ya wiki ya 11 mpaka wiki 13 na siku 6. Mpimaji anaangalia maji yaliyojikusanya nyuma ya shingo ya mtoto, kwa milimita. Yakizidi, uwezekano wa tatizo la kromosomu au la moyo unapanda. Ndiyo sababu nilisisitiza tarehe: ukifika wiki ya 15 maji hayo hayasomeki tena kwa maana ile ile. Kinahitaji mtu aliyefundishwa hasa, sio kila mwenye mashine, kwa hiyo kabla ya kupanda kitandani muulize: "Unapima maji ya shingo?" Akikwambia anaangalia mapigo ya moyo na jinsia tu, basi umepata tarehe na idadi ya watoto, ambavyo navyo vina faida, lakini ujue hukupimwa hicho. Mapacha, kwa taarifa yako, huongezeka na umri.

Cha pili ni ultrasaundi ya wiki ya 18 mpaka 22, ya kumkagua mtoto kiungo kwa kiungo: kichwa, mgongo, moyo, tumbo, figo, mikono na miguu, na kondo limekaa wapi. Ukiwa na pesa ya ultrasaundi moja tu ya maana baada ya ile ya tarehe, weka hapa. Inaona mgongo wazi, inaona kasoro nyingi za moyo, na inaona kondo lililotangulia, yaani lililoziba njia ya mtoto, ambalo kwa mama mkubwa hutokea zaidi na linaweza kukumaliza kwa damu. Jaribu hospitali za rufaa: Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, Masasi na vijiji vya jirani wako karibu na Ndanda, na wa barabara ya Lindi wana Nyangao. Piga simu au tuma mtu aulize siku anayokuwepo mtaalamu wa picha kabla hujatoka Newala au Liwale.

Cha tatu ni cha damu ya mama, kinachosoma vinasaba vya mtoto vinavyoelea kwenye damu hiyo. Kinafanyika kuanzia wiki ya 10 na kinakamata takriban 99 kati ya 100 wenye sindromu ya Down. Maabara binafsi za Dar es Salaam huchukua damu na kuituma nje ya nchi, na bei yake ni ya kuuliza ukiwa umekaa. Pamoja na umahiri wake bado ni cha kuchuja: kikisema kuna tatizo, huwezi kukihukumu mpaka kithibitishwe.

Kuthibitisha ni kuchota maji ya uzazi kwa sindano ndefu tumboni, kuanzia wiki ya 15, huku ultrasaundi inaongoza. Mimba 1 kati ya 200 hivi, au pungufu ya hapo, inaweza kutoka kwa sababu ya kipimo chenyewe. Hiki usikitegemee Mtwara wala Lindi. Daktari wako akiona kinahitajika, ni mazungumzo ya rufaa ya Muhimbili na safari ya zaidi ya kilomita 400.

Sasa kabla ya kulipia hicho cha damu au kuwaza cha kuchota maji, kaeni wewe na mwenzio mjiulize: jibu likija baya, tutafanya nini nalo? Sheria ya Tanzania inaifanya kutoa mimba kuwa kosa, isipokuwa pale maisha ya mama yanapookolewa. Kwa hiyo wengi wetu tutazaa kwa vyovyote. Je, kujua kuna faida? Ipo, na ni hii: karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na tatizo la moyo, na mzazi aliyejua mapema atajifungulia hospitali kubwa na kupanga njia ya kufika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Wengine kujua kunawapa miezi mitano ya kuzoea. Wengine kunawapa miezi mitano ya kutokulala. Dada yangu mmoja alikataa kabisa, akasema, "Mwanangu nitamjua akija." Sikumbishia. Ila ultrasaundi ya wiki ya 20 nilimburuza, maana ile ni ya kumlinda yeye pia.

6. Wiki ya 24 mpaka 28: sukari

Kisukari cha mimba hakina dalili na huongezeka na umri. Unakwenda hujala, unapimwa, unakunywa glukosi gramu 75, unapimwa tena baada ya saa moja na saa mbili. Ikifika 5.1 kabla ya kula, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, mojawapo tu inatosha kukuita mgonjwa. Wengi wanaiweka sawa kwa chakula: punguza rundo la ugali, mihogo na ming'oko, ongeza kunde, mbaazi, samaki na mboga, acha soda. Usiache kula.

7. Panga pa kujifungulia ukiwa na miezi saba, sio uchungu ukianza

Kwa umri wako zahanati sio mahali, hata kama watano waliotangulia walizaliwa pale. Unataka penye chumba cha upasuaji na damu ya akiba. Kama tarehe yako inaangukia masika na unatoka ndani ndani, hamia mjini kwa ndugu wiki mbili au tatu kabla, au uliza kama hospitali ina nyumba ya kusubiria. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika. Rufaa haikuwa na pa kupita.

Tafuta ndugu wawili wenye afya waliokubali kuchangia damu, namba zao ziandikwe nyuma ya kadi. Hifadhi 115, namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Ukipata dharura wanakutafutia usafiri hata kama ni gari la mtu wa kijijini kwenu. Na ukiwa na miaka 40 au zaidi, muulize daktari atakuacha mpaka wiki ya ngapi, maana hatari ya mtoto kufia tumboni inapanda mwishoni na wengine huanzisha uchungu wiki ya 39 au 40.

Usingoje siku ya kliniki ukiona haya: kichwa kuuma sana kisichosikia dawa, macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu chini ya chembe ya moyo, damu hata kidogo, maji kuvuja, homa. Na mtoto kupunguza kucheza: kuanzia wiki ya 28, lala ubavu wa kushoto umhesabu, asipofikisha mara 10 ndani ya saa mbili, nenda hata kama ni usiku.

8. Ukishajifungua

Kaa hospitali angalau saa 24, usiombe ruhusa ya mapema kwa ajili ya sherehe. Kifafa kinaweza kuja hata baada ya mtoto kutoka, hivyo presha iendelee kupimwa wiki sita. Mtoto akionekana na dalili za Down, omba asikilizwe moyo kabla hamjaondoka, na anyonye; wengi wananyonya taratibu kwa sababu misuli yao ni laini, wanahitaji subira na mtu wa kukuonyesha namna ya kumshika. Na kitanzi au kijiti vinaweza kuwekwa ukiwa bado wodini, kitanzi ndani ya saa 48 za mwanzo. Lisemee mapema kliniki, maana hedhi inaweza kurudi miezi michache baadaye hata kama umeshafikisha miaka 44.